Mdundo, Mizani na Kiambishi: Uhakiki wa Wimbo kama Mwalimu wa Sarufi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dai lililozoeleka katika ufundishaji wa lugha za kigeni, kwamba wimbo humfunza mwanafunzi sarufi bila yeye kuhisi kuwa anafunzwa. Yanalinganisha ghani za kufundishia Kiingereza zilizoasisiwa na Carolyn Graham na nyimbo zinazotumiwa kuwafundishia wageni Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba wimbo hufunza sarufi pale tu ambapo mdundo wake unakibana kipashio cha kisarufi hadi kisiweze kukwepwa. Katika Kiingereza kipashio hicho aghalabu hujificha katikati ya midundo. Katika Kiswahili chenyewe ni mizani. Kwa sababu hiyo mbinu iliyofaulu katika lugha moja haiwezi kuhamishiwa katika nyingine kama ilivyo. Tungo zinazotazamwa kwa karibu ni "Jambo Bwana" na "Malaika".

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliwatungia wanafunzi wageni wa darasa la mwanzo wimbo mfupi ili wakariri ukanushi. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa uyakinishi: anasoma, anapika, analima. Ubeti wa pili ulikanusha vitenzi hivyo hivyo kwa mahadhi yale yale. Wimbo ulipendwa. Wanafunzi waliuimba wakiingia darasani na wakitoka, na mimi nikajipongeza. Kufikia wiki ya pili karibu darasa zima lilikuwa likisema *hanasomi, *hanapiki, *hanalimi.

Kosa hili halikuwa geni kwangu. Kila aliyewahi kumfundisha mgeni Kiswahili amelisikia. Safari hii, hata hivyo, lilikuja kwa kauli moja na kwa sauti ya juu, na lilikataa kuondoka hata baada ya kusahihishwa mara nyingi. Lililonishughulisha zaidi ni kwamba katika wingi hapakuwa na kosa. Walewale waliosema *hanasomi walisema hawasomi, hawapiki, hawalimi, bila kusita. Kama tatizo lingekuwa kutoielewa kanuni, kwa nini kanuni ieleweke katika wingi na ipotee katika umoja? Jibu, kama nitakavyoeleza, lilikuwa ndani ya wimbo wenyewe, nami ndiye niliyelitia humo.

Wanaotetea matumizi ya nyimbo darasani hutaja faida ambazo hakuna haja ya kuzipinga: wimbo hupunguza hofu, hurahisisha kukariri, na humfuata mwanafunzi hadi nyumbani. Tim Murphey, mmoja wa watafiti walioandika sana kuhusu jambo hili, amelijadili hali ya wimbo kung'ang'ania kichwani mwa msikilizaji na kujirudia wenyewe, akaona kwamba huenda kuna manufaa humo kwa anayejifunza lugha. Nakubali kwamba wimbo hung'ang'ania. Kinachohitaji kuhakikiwa ni kile kinachong'ang'ania. Wimbo hauchagui, ukibeba kosa huling'ang'aniza kosa kwa uaminifu uleule. Aidha, wimbo ni kazi ya sanaa yenye haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kuivunja sarufi. Anayeuchukua wimbo na kuufanya kielelezo cha sarufi bila kwanza kuusoma kama utungo anamchukua mtu wa kazi nyingine na kumtwika mzigo asioujua.

2. Ghani za Kiingereza na kilicho kati ya midundo

Mfano ulio wazi zaidi wa ufundishaji wa sarufi ya Kiingereza kwa mdundo ni kazi ya Carolyn Graham, mwalimu na mwanamuziki wa New York, ambaye kitabu chake Jazz Chants kilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1978. Kilifuatiwa na kitabu cha watoto mwaka 1979, na baadaye, mwaka 1993, na Grammarchants, ambacho jina lake lenyewe linatangaza kwamba sarufi ndiyo shabaha. Ni muhimu kutambua kwamba tungo hizi kwa kawaida haziimbwi. Hutamkwa kwa kupokezana, kundi moja likiuliza na jingine likijibu, huku mapigo ya jazi yakishikilia mwendo. Kiswahili kina neno linalozifaa kuliko neno wimbo: ni ghani. Kughani si kuimba na si kusema tu, na watunzi wetu wamelijua tofauti hilo kwa karne nyingi.

Kwa nini ghani hizi zimefaulu? Tangu Kenneth Pike alipoandika kuhusu kiimbo cha Kiingereza cha Marekani mwaka 1945, wanaisimu wamezoea kusema kwamba Kiingereza huenda kwa mkazo ilhali lugha nyingine huenda kwa silabi. Vipimo vya maabara vilivyofanywa baadaye havikuthibitisha kwamba muda kati ya mkazo na mkazo ni sawa kabisa, lakini hisia ya msikilizaji ni ya kweli, nayo ndiyo inayomhusu mwalimu. Tuchukue sentensi "Girls cook rice". Ina silabi tatu na mapigo matatu. Tukiirefusha iwe "The girls could have cooked the rice", silabi zinafikia saba, lakini mapigo yanabaki matatu, juu ya maneno yale yale. Yaliyoongezeka, yaani vibainishi na vitenzi visaidizi, yamesukumwa katika nafasi iliyo kati ya pigo na pigo, yakafupishwa na irabu zake zikafifia. Na hayo yaliyofifia ndiyo sarufi. Njeo, hali ya masharti, umahususi wa nomino, vyote vimo katika silabi ambazo sikio la mgeni halizioni.

Hapo ndipo umahiri wa Graham ulipo. Ghani yake haimwelezi mwanafunzi kwamba kitenzi kisaidizi hufifishwa. Inamlazimisha akifofishe, kwa sababu asipofanya hivyo atachelewa pigo na wenzake watamwacha. Hata kiambishi -s cha nafsi ya tatu umoja, ambacho aghalabu si silabi bali ni konsonanti iliyodandia mwisho wa kitenzi, hupata mlinzi. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mazoea ya kuipa kila konsonanti irabu ya kuifuata, kama tulivyofanya tulipopokea basi, kadi na benki. Akiongeza irabu baada ya -s hiyo, mdundo utamfichua papo hapo. Ghani inakuwa mtego wa kunasa silabi za ziada.

Mtego huo, hata hivyo, hutegemea mwalimu anayeusikia mdundo. Nimeketi nyuma ya madarasa, mjini na shamba, ambamo ghani za aina hii zilifundishwa na walimu wenye bidii ambao lugha yao ya kwanza au ya pili ni Kiswahili. Watoto walipiga makofi kwa kila silabi. Kila kibainishi kilipata kofi lake, kila kitenzi kisaidizi kikasimama wima kama mwanajeshi kwenye gwaride. Somo lilichangamka, mkaguzi alifurahi, na chombo kilichotengenezwa ili kufunza kumeza silabi kikatumika kufunza kuzihesabu. Siwalaumu walimu wale. Walichokifanya kilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa ushairi wanaoujua. Walikuwa wakipima mizani.

Yapo pia mapungufu yaliyo katika ghani zenyewe. Nyingi ni mazungumzo mafupi ya nyumbani na mtaani, nazo hubaki hapo. Ukiisha kuzighani dazeni mbili unajua kuuliza, kukana, kuomba radhi na kulalamika, lakini hujapata sentensi moja ndefu iliyoshikana kwa virai rejeshi, wala aya yenye wazo linalojengwa. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, ambaye atakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa biolojia na historia katika shule ya sekondari, ghani inampa ulimi lakini haimpi kitabu. Sidhani kama Graham alidai vinginevyo. Wanaodai ni wale waliomfuata.

3. Mizani kama kipimo cha kiambishi

Nirudi kwenye wimbo wangu ulioharibika. Kitenzi anasoma kina silabi nne. Ukanushi wake, hasomi, una tatu. Mahadhi niliyoyatunga yalikuwa na noti nne, na nilipoyarudia katika ubeti wa kukanusha niliacha noti moja bila silabi. Mimi niliijaza kwa kuivuta irabu. Wanafunzi, ambao masikio yao yalikuwa yameshazoea kwamba kila noti ina silabi yake, waliijaza kwa kilichokuwa karibu zaidi, yaani -na- ya ubeti wa kwanza. Katika wingi hali ni tofauti: wanasoma ni silabi nne na hawasomi ni silabi nne, kwa kuwa kikanushi ha- hakimezwi na kiambishi cha nafsi bali hukitangulia. Noti zilitosha, kwa hiyo kosa halikuzaliwa. Wanafunzi hawakuwa wamekosa kanuni ya ukanushi. Walikuwa wametii kanuni ya mizani, niliyowafundisha bila kujua kwamba naifundisha.

Tukio hili dogo linaonesha tofauti ya msingi. Katika Kiswahili, kipashio cha kisarufi kwa kawaida ni silabi kamili, na silabi kamili ni mizani moja. Kiambishi cha nafsi, cha njeo, cha mtendwa, cha ngeli: kila kimoja kina uzito wake na hakififii. Kwa hiyo hatuna haja ya mdundo wa kutufunza kufifisha. Tuna haja ya kipimo kinachotuambia pale kiambishi kinapoongezeka, kinapopungua au kinapokosekana, na kipimo hicho tunacho tangu zamani. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alikiweka kama sharti la utungo. Baadaye, mgogoro kati ya wanamapokeo na wanausasa ulipopamba moto, mizani ilijadiliwa kana kwamba ni suala la uzalendo au la uhuru wa msanii. Sina nia ya kuufufua mgogoro huo. Nasema tu kwamba mwalimu wa lugha ana sababu yake ya kuithamini mizani, ambayo haikutajwa na upande wowote.

Tuone inavyofanya kazi. Chukua kipande cha mizani nane, kile cha utenzi: kitabu kimepotea. Badili umoja uwe wingi: vitabu vimepotea. Mizani ni nane bado. Mtoto amepotea, watoto wamepotea. Mkeka umepotea, mikeka imepotea: kote nane, kwa sababu kiambishi cha silabi moja kimempisha mwenzake wa silabi moja, na m ya mtoto na mkeka ni silabi yenyewe ingawa haina irabu. Upatanisho unakuwa kama kina kilichohamia mwanzo wa neno. Mwanafunzi akighani mfululizo huu haelezwi kwamba ngeli huenda mbili mbili; anazisikia zikipokezana kiti.

Sasa tumpe: tunda langu limeoza. Ni mizani nane. Wingi wake ni matunda yangu yameoza, nao ni tisa. Utungo umevimba. Kwa nini? Kwa sababu umoja wa ngeli hii hauna kiambishi kinachosikika. Wanaisimu huita kiambishi kapa, na mwanafunzi huliandika neno hilo daftarini bila kujua ni kitu gani. Ghani inamwonesha: kapa ni ile nafasi ambayo haikuhesabiwa katika umoja na ambayo imekuja kudai haki yake katika wingi. Na mshairi afanyeje na mizani hiyo ya tisa? Atasema matunda yangu meoza. Ameidondosha ya- ya kitenzi, na utungo umerudi kwenye nane. Hii ndiyo inkisari, na hapa inakuwa zoezi la sarufi lililo bora kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya kiada. Mwulize mwanafunzi nini kimedondoshwa na kwa nini tunaendelea kuelewa. Akiweza kukirudisha kilichodondoka, basi upatanisho anaujua.

Pana mahali pamoja ambapo hata Kiswahili kinaiunganisha sarufi na mkazo, na nimeshangaa kuona jinsi vitabu vya wageni vinavyopapita haraka. Ni vitenzi vya silabi moja: -la, -ja, -nywa, -fa. Mwanafunzi huambiwa kwamba vitenzi hivi hubakisha ku- katika baadhi ya njeo, kisha hupewa orodha ya kukariri: anakula, alikuja, atakunywa, lakini akila, hakuja, hunywa. Orodha haina sababu, na isiyo na sababu husahaulika. Sababu iko katika mdundo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema *anala, mkazo utaikalia -na-, na viambishi vya njeo -na-, -li-, -ta- na -me- havikubali kukaliwa. Ku- inabaki ili impokee mgeni huyo. Lakini -ki- inakubali, hu- inakubali, na -ku- ya ukanushi wa wakati uliopita inakubali. Hapo ku- ya kitenzi haina kazi, ikaondoka. Ndiyo maana pia ukitia kiambishi cha mtendwa, kama katika amekila, ku- hutoweka: -ki- ya kitu kinacholiwa imekwisha kuupokea mkazo. Jambo hili haliwezi kufundishwa vizuri kwa jedwali. Lighanini kwa pigo moja zito juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na darasa litaisikia *anala ikichechemea.

Nasema lighanini, si liimbeni. Mahadhi ya nyimbo nyingi huvuta silabi ya mwisho, na mkazo huhama pamoja na sauti. Wimbo wa kuvuta hauwezi kumfunza mtu mahali pa mkazo, hata ukiwa mtamu namna gani. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alisisitiza kwamba tungo za Waswahili hutungwa ili ziimbwe. Simpingi, naongeza tu kwamba sauti inayoimba na sauti inayofunza sarufi huenda zisiwe moja, na kwamba utenzi wenye mwendo wake wa kusimulia unamfaa mwanafunzi wa mwanzo kuliko wimbo wa taarabu, ambao mbali na mvuto wa sauti una mafumbo yanayowashinda hata wenyewe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kile ambacho wahakiki wetu wamekiita kuboronga sarufi. Mshairi ana ruhusa ya kusema wangu mpenzi badala ya mpenzi wangu, changu kitabu badala ya kitabu changu. Msikilizaji Mswahili anaisikia ruhusa hiyo kama ruhusa. Mgeni anayezungumza Kiingereza anaisikia kama uthibitisho, kwa sababu katika lugha yake kimilikishi hutangulia nomino. Nimesahihisha insha nyingi zenye wangu rafiki na yangu nyumba, na nilipouliza kanuni hiyo imetoka wapi nikaambiwa, kwa heshima zote, kwamba ndivyo inavyoimbwa. Walikuwa wakweli.

4. Nyimbo mbili zinazotangulia mwalimu

Wageni wengi huwasili darasani wakiwa tayari na somo la kwanza. Wamelipata katika wimbo "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa na bendi yake ya Them Mushrooms ya Kenya mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. walitoa toleo lao, na tangu hapo wimbo umeimbwa katika hoteli za pwani na katika kumbi za mbali kiasi kwamba kwa watu wengi duniani huo ndio Kiswahili.

Tuitazame salamu iliyomo. Katika matumizi ya wenyeji salamu ni hujambo, na jibu ni sijambo. Hu- ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja na si- ni cha nafsi ya kwanza: huna jambo, sina jambo. Ukiendelea, mtu mmoja aliye mbali hajambo, sisi hatujambo, ninyi hamjambo, wao hawajambo. Mfumo mzima wa viambishi vya ukanushi wa nafsi umewekwa mlangoni mwa lugha, ndani ya adabu ya kwanza kabisa ambayo mtoto hufundishwa. Sijui lugha nyingi zinazomkirimu mwanafunzi wake kiasi hicho. Jambo la wageni limeuondoa mfumo huo na kubakiza nomino. Kilichokatwa ni silabi moja tu, lakini silabi hiyo ndiyo iliyobeba nafsi na ukanushi, na bila hiyo salamu haiwezi kumwuliza mtu yeyote habari zake. Inatangaza kwamba kuna jambo.

Isidhaniwe kwamba namlaumu mtunzi. Jambo la namna hii lilikuwako kabla yake, katika mazungumzo ya wenyeji na wageni, na wimbo wa kuwakaribisha wageni una haki ya kutumia lugha ambayo wageni wanaijua. Kama utungo, "Jambo Bwana" unatimiza vizuri ulichokusudia: umejengwa kwa ulizo na jibu, sentensi zake ni fupi, na kiitikio chake hakihitaji kufundishwa. Ukitazama vizuri, muundo wake hauko mbali na ule wa ghani za Graham. Tatizo huanza mwalimu anapoufanya kuwa somo la kwanza badala ya kuufanya somo la kumi. Mwanafunzi wangu mmoja alimwamkia bibi wa makamo yake ya themanini kwa jina la wimbo huo, neno kwa neno, tena kwa tabasamu. Bibi akamtazama kwa huruma. "Mimi si bwana, mwanangu," akasema, kisha akangoja. Alikuwa akingoja shikamoo, na mwanafunzi hakujua kwamba anadaiwa. Wimbo haukuwa umemwambia kuwa salamu zetu zina umri.

Hata hivyo wimbo huo huo, na nyinginezo zilizoueneza msemo wa hakuna matata hadi kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, una hazina ambayo ni nadra kuchimbwa. Mgeni hulichukua hakuna kama tofali moja. Livunje: ha-ku-na. Kuna kikanushi, kuna kiambishi cha mahali, kuna na ya kumiliki. Badili cha katikati upate hapana na hamna, na mahali patatu pa Kiswahili patakuwa pamesimama mbele ya darasa. Kisha toka mahali uingie kwenye nafsi na ngeli: hatuna, hawana, hakina, haina. Mahadhi yanabaki, mizani haibadiliki, na wimbo ambao mwanafunzi alidhani ameumaliza unaanza upya.

"Malaika" ni habari nyingine. Ni utungo mpole kuhusu kijana anayempenda msichana na hana mali ya kumwoa. Umiliki wake umebishaniwa kwa muda mrefu. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kuutangaza, na Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni. Walimu wa Kiswahili huutumia kufundishia hali ya masharti, kwa kuwa moyo wa wimbo umekaa juu ya kiambishi -nge-: lile ambalo mwimbaji angelitenda kama hali ingekuwa nyingine. Ni chaguo zuri. Katika vitabu -nge- huletwa kwa mifano ya mvua na mavuno. Hapa inaletwa kwa jambo linalouma, na sarufi iliyopita moyoni haitoki upesi.

Lakini tukisoma kitenzi hicho mofimu kwa mofimu tunakuta kitendawili. Baada ya -nge- inafuata -ku-, kisha mzizi wa kitenzi cha ndoa. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa ningekuja na ningekula huiona -ku- hii akadhani ni ileile. Siyo. Katika ningekuja, ku- imebaki ili kupokea mkazo, kwa sababu -nge- nayo haikubali kukaliwa. Kitenzi cha ndoa kina silabi mbili, o na a. Mkazo una mahali pake na hauhitaji msaada. Kwa hiyo -ku- ya wimbo haiwezi kuwa ya kupokea mkazo. Ni wewe, msichana anayeimbiwa. Nimewaomba wanafunzi wamtafute msichana ndani ya kitenzi hicho, na kila mara kuna anayeinua kichwa ghafla. Alikuwa akiuimba wimbo wa mapenzi kwa miaka bila kujua kwamba mpenzi ametajwa hapo.

Murphey, katika uchambuzi wake wa nyimbo za pop uliochapishwa mwaka 1992, alionesha kwamba nyimbo hizo hazisemi ni nani anayezungumza na nani, wapi wala lini, na kwamba ukungu huo ndio unaomwezesha kila msikilizaji kuingia ndani yake. Hoja hiyo ina nguvu kwa Kiingereza, ambamo mimi na wewe wa wimbo wanaweza kuwa yeyote. Kwa Kiswahili inahitaji kurekebishwa. Upande mmoja ukungu wetu ni mzito zaidi, maana yeye hana jinsia, na wimbo mzima wa mapenzi unaweza kwisha bila kujulikana anayependwa ni mwanamume au mwanamke. Upande mwingine kuna vitenzi vinavyoufukuza ukungu huo kwa pigo moja. Katika Kiswahili cha mapokeo mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawana jinsia ambayo viwakilishi vimekataa kuibeba. Kitenzi cha Kiingereza cha ndoa hakimwulizi mtu kama ni bwana arusi au bibi arusi. Chetu kinauliza.

Makeba aliuimba wimbo huu kwa kauli ileile ya kutenda, na waimbaji wengine wa kike waliomfuata, akiwamo Angélique Kidjo, hawakuibadili. Katika darasa moja, mwanafunzi aliyekuwa amejifunza kauli ya kutendwa wiki hiyo hiyo aliuliza kama mwimbaji amekosea. Wenzake walitoa majibu matatu. Wa kwanza alisema amekosea, kanuni ni kanuni. Wa pili alisema anayesema katika wimbo si Makeba bali yule kijana asiye na mali, na mwimbaji amemwazima sauti tu. Alikuwa amegundua nafsineni bila kulijua neno lenyewe. Wa tatu, msichana aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa muhula, aliuliza kwa nini wasitumie kuoana, kauli ya kutendana, ili wote wawili watende. Tukajaribu kuitia katika mahadhi. Kiambishi cha nafsi ikabidi kibadilike kuwa tu-, -ku- ikaondoka na msichana wake, mizani zikabaki tano na mkazo ukahama kutoka o hadi a. Tuliiimba mara mbili, na kengele ikalia kabla hatujakubaliana kama ulikuwa bado ni wimbo uleule.